Kamati Isiyo na Maiti

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa mtawa, na watawa wa shirika lake huzikwa walipofia. Tulielezwa hilo siku alipoweka nadhiri, tukalisikiliza kama watu wanavyosikiliza matangazo ya mwisho wa misa, kisha tukaenda kula. Hatukulikumbuka tena mpaka alipofariki mwaka jana huko Peru, katika mji wa milimani alikokuwa muuguzi kwa miaka mingi.

Maziko yake tuliyatazama kwa simu, sebuleni kwa mama hapa Utange, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Picha ilikuwa ikikwama. Niliona watawa wamesimama kwenye mstari, nikaona jeneza, halafu picha ikaganda kwenye kiatu cha mtu. Ilipoanza kutembea tena, watu walikuwa wanaondoka, na nyuma yao kulikuwa na tuta la udongo mbichi. Hayo ndiyo maziko niliyoyapata ya mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, kwa maana yeye alizaliwa mimi nikimaliza darasa la saba, na mama alikuwa akishinda shambani.

Ila kabla hatujaambiwa kwamba hatutaletewa maiti, kamati ya mazishi ilikuwa imekwisha undwa. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu hajapoa, kamati imekwisha kaa. Mwenyekiti alikuwa ndugu yangu wa kiume, yule anayenifuata, karani katika bohari moja ya makontena Changamwe. Shangazi, anayekaa Frere Town, alishika mambo ya jikoni. Hema lilijulikana litatoka wapi, viti vilijulikana, msoma wasifu alikuwa amechaguliwa na kuanza kukohoa kohoa akitengeneza sauti. Ndipo simu ikaja kwamba anazikwa kesho, huko huko.

Kamati ya mazishi huvunjwa baada ya maziko. Watu hukaa, hushukuriana, mwenyekiti hutoa hoja ya kuivunja, mmoja huunga mkono, basi. Hii yetu haikuvunjwa kwa sababu hapakuwa na maziko ya kuivunjia. Ilibaki imekaa kama gari lililowashwa injini na kuachwa na dereva. Mwaka mzima lile kundi la kwenye simu liliendelea kuitwa Mazishi ya Sista, na humo watu wakitumiana salamu za asubuhi.

Kisha shirika likatuletea habari kwamba wangependa ndugu mmoja ahudhurie misa ya ukumbusho wa mwaka, na kwamba safari wangeigharamia wao. Mama hawezi tena safari ndefu. Mimi ndiye mkubwa. Hapo hapakuwa na ubishi. Habari zetu zilipita kwa sista mmoja Mtanzania aliyeishi nyumba moja na mdogo wangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa faraja kwangu, maana hawa wengine wangesema Kihispania ningetikisa kichwa tu. Alinieleza kwamba kati ya siku ya kufika na siku ya misa ingekuwapo siku moja ya wazi. Nikipenda, yuko mwongozaji wa watalii wanayemfahamu ambaye angenipeleka kuona Machu Picchu, mji wa mawe uliojengwa juu ya mlima na Wainka, waliotawala huko kabla Wazungu hawajafika. Ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Au nipumzike tu, alisema.

Hayo maneno ya mwisho hakuna jamaa yangu hata mmoja aliyeyasikia.

Sababu ilikuwa picha yake aliyopigwa huko Machu Picchu. Mama ameitundika ukutani mkabala na mlango, ili anayeingia asiwe na njia ya kuikwepa. Mdogo wangu amesimama, nyuma yake kuta za mawe na ngazi zimeshuka mlimani, ukungu umefunika nusu ya kilele, naye ameinua mkono mmoja na kucheka meno yote nje. Kila mgeni wa mama alionyeshwa. Mama akisema, huko ndiko mwanangu alikopenda. Majirani wengine hapa Utange waliamini kabisa kwamba anaishi mle ndani ya magofu, akitibu watu humo.

Kwa hiyo kamati ilifufuka. Ndugu yangu aliitisha kikao Jumapili, akaja na kizibao chake cha kazini chenye mistari ya kung'aa kwa sababu alitoka zamu moja kwa moja. Alisema hatukumzika dada yetu, na hii ndiyo nafasi tuliyopewa. Kaburi lenyewe, kwa maelezo ya sista, liko bustanini nyuma ya nyumba ya watawa, msalaba mdogo kama misalaba mingine, huwezi kumwonyesha mtu ukajivuna. Bali pale magofuni, alisema, pale ni mahali.

Nikasema mimi ninachotaka ni kimoja. Ile siku ya wazi nikae kaburini kwake, peke yangu, asubuhi mpaka jioni. Siku ya misa kutakuwa na watu na maaskofu na hotuba. Kesho yake narudi. Siku yangu naye ni hiyo tu.

Laiti wangebisha. Hawakubisha. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, akasema, "Hoja ya dada tumeipokea," wakaendelea na fulana.

Naam, fulana, zenye sura yake kifuani, za familia nzima, ingawa msafiri ni mmoja. Na bango la kitambaa, refu, ambalo ningelishika mbele ya mawe. Nikauliza nitalishikaje peke yangu, bango lina ncha mbili. Wakasema mwongozaji atashika ncha ya pili. Wasifu ungesomwa huku nyumbani, mimi nikiwa nimesimama kule nikionekana kwa simu. Kule ingekuwa asubuhi na kwetu jua linatua, kwa hiyo ingefaa kabisa: hema uani kwa mama, wanajumuiya waimbe, pilau lipikwe. Niligundua nilikuwa nimekaa katika mipango ya mazishi, na mimi ndiye nimewekwa mahali pa jeneza.

Tegemeo langu lilikuwa shangazi. Kwa wazee wetu, mtu aliyekosa maziko hatembei matembezi ya kufurahisha macho kabla hajafika kaburini kutia udongo. Na kweli shangazi alisimama imara. Alisema hakuna kwenda kutazama mawe ya watu kabla ya udongo, wallahi, na yeye ni Mkristo lakini akikasirika huapa kama majirani zake. Nilimwonea fahari. Kikao kilichofuata akakabidhiwa jukumu la chakula cha watu wote watakaofika, jiko lote chini yake, na ghafla akaona kwamba udongo unaweza kutangulia kwa nia moyoni. Sisemi alihongwa. Nasema alipewa sufuria.

Maswali ya kamati yalipitia kwangu. Ndugu yangu aliniletea, mimi nikamtumia sista kwa sauti, sista akamuuliza mwongozaji kwa Kihispania, jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Jibu la kwanza lilisema mabango hayaruhusiwi. La pili lilisema kuimba hakuruhusiwi, wala ibada, wala mkusanyiko wa aina yoyote. Mtu huingia saa iliyoandikwa kwenye tiketi yake, hufuata njia moja waliyompangia, na akishapita mahali harudi nyuma. Chakula hakuna kuingia nacho. Mwavuli hakuna.

"Mwambie ni msiba," akasema ndugu yangu.

Nikamwambia sista amwambie ni msiba. Jibu likaja kwamba mwongozaji anatoa pole nyingi, lakini walinzi wa pale hawatofautishi aliyefiwa na asiyefiwa.

"Basi bango dogo."

Nilikataa kuuliza. Akauliza mwenyewe, kwa simu yangu, nilipokwenda kuzima jiko. Shangazi naye akataka kujua kama ningeweza kuchota udongo kidogo wa pale magofuni nikautie kaburini, ili mambo mawili yapatane. Likaja jibu kwamba kutoka na chochote, hata kokoto, ni kosa. Shangazi alichukia kweli kweli. Akauliza udongo huo ni wa nani mpaka uwe na askari, na kama hao Wainka wenyewe waliwaachia maagizo hayo.

Halafu wakakumbuka presha yangu. Mimi ni mtu wa pwani, sijawahi kukaa mahali pa juu kuliko kanisa, na zahanati hunipa vidonge. Ndugu yangu alisema mlima unahitaji mazoezi. Hapa kwetu kilima hakuna, kwa hiyo alizungumza na mlinzi wa gorofa moja inayojengwa karibu na barabara, nikaruhusiwa kupanda na kushuka ngazi zake jioni mafundi wakishaondoka. Nilipanda nimevaa raba za mtoto wake. Shangazi alikaa chini juu ya matofali akinipigia kelele nisishike ukuta, maana huko kuta hazishikwi. Watu waliokuwa wakipita walidhani nimenunua nyumba.

Sista alipopata habari ya mazoezi alinieleza kwa upole kwamba magofu yako chini kuliko mji wanaokaa wao watawa. Mgeni wa kutoka pwani huugua kichwa mjini, na mjini ndiko kaburi liliko. Magofuni huteremkwa kwanza kwa gari moshi ndipo mtu apandishwe tena kwa basi. Nililipeleka jambo hilo kikaoni nikitumaini litavunja kitu. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akasema mlima ni mlima.

Wakati huo wote mama alikuwa akikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha bila kusema neno. Alikuwa hivyo tangu msiba. Watu walisifu jinsi alivyojikaza. Mimi nilikuwa nikimuona usiku na mchana na sikuona cha kusifu. Hakuwa amelia hata mara moja. Alikaa mkabala na ile picha, ukimsemesha huitika, ukinyamaza naye hunyamaza.

Jambo lililonimaliza lilikuwa tiketi. Ndugu yangu alichukua picha ya paspoti yangu, akamtumia mwongozaji, akakata tiketi ya magofu na ya gari moshi kwa jina langu kwa siku ile ya wazi. Hakuniuliza. Nilizikuta habari kwenye kundi la Mazishi ya Sista, chini yake watu wameweka mikono ya kusali. Tiketi hizo zikishakatwa hazibadilishwi. Siku yangu ilikuwa imekwenda, na watu walikuwa wakinipongeza.

Jioni hiyo sikupokea simu ya mtu. Nilikaa nyuma ya nyumba, nikampigia sista, kwao kukiwa asubuhi. Nilikuwa nimekubali kushindwa. Nikamwambia kama ni lazima niende, basi anieleze mdogo wangu alikuwa akipenda kusimama wapi, alikuwa akiangalia nini, nami nisimame hapo hapo ili nisiende bure.

Sista akashusha sauti.

"Dada, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

Akaniambia mdogo wangu alikwenda kule mara moja tu katika miaka yote hiyo. Walikuja wageni wa shirika kutoka Ulaya na ilikuwa zamu yake kuwasindikiza, yeye na huyu sista. Waliamshwa usiku. Mvua iliwakuta njiani. Viatu vilimbana, vilikuwa vya kuazima. Mwongozaji wa siku hiyo alisema mno, kila jiwe na habari zake, na mdogo wangu alipoketi juu ya ukuta kupumzisha miguu, mlinzi akampulizia filimbi. Tangu saa hiyo alikuwa akiuliza watarudi saa ngapi.

"Na ile picha?" nikauliza. "Alivyocheka vile?"

"Niliipiga mimi. Nilikuwa nimemwambia basi la kurudi limefika."

Nilicheka. Nilicheka nikafunika mdomo kwa kanga, kwa sababu nilimuona kabisa. Nikamuuliza siku zake za mapumziko alizimalizaje basi. Sista akasema siku hizo alikuwa akifua nguo zake, akizianika juu ya ukuta wa makaburi kwa sababu jua hufika pale kwanza, kisha akiketi chini ya ukuta huo miguu juani, akilala. Alikuwa akiomba asiamshwe hata kwa chakula. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba anawahi nafasi. Na ndipo alipozikwa, hatua chache tu kutoka hapo.

Sasa nilikuwa na la kuwaambia. Na papo hapo nikaona tabu yake. Kulisema kikaoni ni kulisema mbele ya mama, ambaye hakuwa na kitu kingine cha mwanawe isipokuwa furaha ile ya ukutani. Nilifikiria kumwambia ndugu yangu peke yake, lakini angekwenda kumuuliza mama kama ni kweli, namjua. Nilifikiria kutunga sababu nyingine, daktari amenikataza, kichwa kinauma. Mimi kudanganya sijui. Si sifa, ni kama mtu asiyejua kuogelea: nikiingia tu naonekana nazama.

Jumapili walipokuja nilingoja sala ya kufungua iishe, nikasema yote. Viatu, mvua, filimbi, basi la kurudi. Sikumtazama mama. Nilimtazama shangazi, ambaye alikuwa amekwisha nunua bizari na sasa alikuwa amezishika mapajani.

Ndugu yangu alikuwa wa kwanza. "Dada, maneno kama hayo unayasemaje mbele ya mama?"

"Ndiyo ukweli."

"Kila ukweli una mahali pake. Yule mtu alikuwa na furaha, tunaiona, iko pale. Wewe unakuja kuiondoa."

Alikuwa na haki kwa sehemu, na hilo liliniudhi zaidi ya mengine yote.

Ndipo mama akauliza kutoka kwenye kiti chake kama ni kweli viatu vilimbana. Nikasema ndiyo, mama. Akauliza kama basi ndilo lililomchekesha. Nikasema ndilo. Akainama, mabega yakaanza kutikisika, nikainuka nikidhani nimemuua. Alikuwa akicheka.

"Huyo ndiye," alisema. "Huyo sasa ndiye. Hija ya parokia, hajashuka garini ameanza kuuliza gari la kurudi."

Shangazi akasema ni kweli, na kwamba siku ya kipaimara chake alilala kwenye benchi askofu akihubiri. Ndugu yangu akasema hakulala, alisinzia tu. Mama alikuwa akifuta macho na ncha ya leso.

"Miaka yote naitazama picha ile nasema mwanangu amekuwa mtu mwingine huko," akasema. "Mtu wa kupenda milima. Alipokufa nikaona hata haya kumlilia, kwa sababu yule wa ukutani simjui."

Kicheko kiligeuka hapo hapo katikati. Mama alilia kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa kwetu maiti ikitolewa ndani, na shangazi akaziacha bizari zikaanguka, akaenda kumshika, naye akalia. Jirani mmoja alichungulia mlangoni, akaona, akavua viatu akaingia akaketi chini bila kuuliza. Baadaye wakaja wawili wengine. Ilikuwa imechelewa mwaka mzima, lakini ilikuwa matanga.

Walipotulia, ndugu yangu alisema kwa sauti ndogo kwamba tiketi hazirudishwi. Mama akamwambia aziache zipotee. Akasema, "Mwacheni dada yenu akakae na mwenzake juani." Shangazi akauliza na pilau je. Mama akasema pilau lipikwe siku ile ile ya misa, watu wale, waimbe, waende zao. Kisha akamgeukia ndugu yangu akamwambia na kamati hiyo aivunje, imetosha.

Alisimama. Alivuta kizibao chake kikakaa sawa, kama anavyofanya mbele ya wakubwa wake wa kazi. Akasema kwamba yeye kama mwenyekiti anatoa hoja kuwa kamati hii ya mazishi ya dada yetu, ikiwa sasa imemaliza, na akakwama hapo. Alilijaribu neno lile la kuivunja mara mbili. Vikao vyote hivyo alikuwa ameshika fulana na mabango na tiketi, nami nikimwona mtu wa kusumbua tu, na sasa alisimama pale mikono mitupu, hajui aitie wapi.

"Naunga mkono," nikasema.

Akaketi. Mama akaagiza chai. Tulipokuwa tukinywa, shangazi alianza kueleza baridi ya huko ilivyo, ingawa hajawahi kufika, na kwamba sweta yangu ni nyepesi mno. Ndugu yangu akasema anayo jaketi ya kuniazima. Nikasema sitaki jaketi ya mtu mrefu. Tukabishana juu ya hilo mpaka giza likaingia, na mpaka leo hatujaafikiana, na nasafiri Alhamisi.